Nilivyoolewa Temeke Nikiwa Korea

Kabla sijaenda kusoma nje, kazi yangu ilikuwa kuuliza bei. Nilikuwa mchumi katika ofisi moja ya serikali, na kila mwezi nilizunguka masoko na karakana za Dar es Salaam nikiuliza bei ya vitu vilevile: maharage na nyanya Buguruni, nyama ya ng'ombe Vingunguti, vitanda na makabati Chang'ombe. Wauzaji walinizoea. Mama mmoja wa dagaa pale Buguruni alikuwa akiniona tu kwa mbali ananitajia bei kwa sauti, ili nisije nikasimama mbele ya meza yake na kumzibia wateja. Nilirudi ofisini, namba zikaingizwa kwenye kompyuta, zikapanda kwenda kwa wakubwa, na mwezi uliofuata nikaanza upya.

Chang'ombe ndiko nilikokutana na mume wangu. Yeye ni fundi seremala, mtu wa Newala aliyekuja mjini akiwa kijana, akafanya kazi kwenye karakana za watu mpaka akafungua yake. Mara ya kwanza nilimuuliza bei ya kitanda cha mninga, ile mbao ngumu ya thamani, futi tano kwa sita, akanitajia. Mwezi wa pili akanitajia bei ya juu ajabu. Wa tatu, ya chini mno. Kwa utaratibu wetu wa kazi, bei ikiruka namna ile lazima urudi kuhakikisha, kwa hiyo nikarudi, na nikarudi tena. Mwishowe nikakaa naye kwenye benchi nikamweleza kwa upole kwamba anaharibu takwimu za nchi. Akaniuliza, bei ikikaa palepale nitakuwa nakuja mara ngapi? Nikamwambia mara moja kwa mwezi.

"Basi ndiyo maana," akasema, akaendelea kuranda ubao wake.

Nilipanda gari kurudi ofisini nikicheka peke yangu, na abiria wa pembeni akasogea kidogo.

Posa ilipoletwa nyumbani kwetu Temeke, baba hakuwa na neno. Baba ni mtu mpole, fundi umeme wa kiwanda cha nguo aliyestaafu, na mambo ya namna hiyo huwa anamwachia dada yake. Shangazi yangu ndiye mwenye maneno katika ukoo wetu. Yeye ni Mzaramo wa Mtoni, anauza khanga na manukato nyumbani kwake, na anajua kila harusi ya Temeke ilivyokwenda na wapi ilikosewa. Alianza kwa kunung'unika kwamba Newala ni mbali, nikifiwa au nikijifungua ndugu watafikaje. Lakini yule kijana alipokuja kusalimia alimkuta shangazi anahangaika na droo ya kabati iliyogoma kufunguka. Akavua saa, akaishughulikia droo, akanawa mikono, ndipo akakaa kunywa chai. Shangazi hakunung'unika tena. Harusi ikapangwa Desemba.

Kabla ya yote hayo nilikuwa nimeomba nafasi ya kusoma nje, shahada ya uzamili ya sera za umma na maendeleo. Sababu yangu haikuwa kubwa. Nilikuwa nimechoka kujua tu. Nilijua sukari imepanda, nilijua mchele umeshuka, mara nyingine nilijua hata kwa nini, lakini kwenye ripoti zetu hapakuwa na mahali pa kuandika sasa tufanye nini. Nilitaka kwenda mahali ambapo mazungumzo yanaanzia hapo. Niliomba vyuo kadhaa, vikanikataa kwa adabu, nikaacha kufuatilia. Halafu mchana mmoja, nipo mezani kwangu nakula mihogo ya kukaanga, ujumbe ukaingia kwenye simu: nimepata nafasi Korea Kusini, na ufadhili, masomo yanaanza mwisho wa Agosti.

Jioni ile nilikwenda moja kwa moja Chang'ombe. Nilimkuta anapaka vanishi mlango, nikamweleza huku nimesimama. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kupaka.

"Mie nikinunua mbao leo siitumii leo," alisema. "Naiacha ikauke kwanza. Nenda kasome."

"Unanifananisha na mbao?"

"Na mninga," akasema. "Si kila mbao."

Nyumbani baba aliuliza mambo mawili tu, kama huko kuna msikiti na kama kuna wali. Vyote vilikuwepo. Mama aliniuliza kuhusu baridi, na bila kungoja jibu akaanza kutafuta masweta kwenye mitumba. Tukakubaliana hivi: niende, Desemba chuo kikifungwa kwa baridi nije nifunge ndoa, nirudi kumaliza masomo. Ilionekana rahisi kabisa.

Darasa letu kule Korea lilikuwa la watu wazima, karibu wote wafanyakazi wa serikali za nchi zao, kila mmoja amekuja na tatizo lake kama mtu aliyebeba mzigo wa nyumbani. Mmongolia alizungumza habari za mifugo, Mghana habari za kakao, mie bei. Chumba nilikaa na dada mmoja kutoka Indonesia, mchumi kama mimi, aliyekuwa akifanya kazi wizara ya kilimo ya kwao. Tulipikiana wali na kugombana kidogo juu ya pilipili. Insha yangu ya kwanza ilihusu bei za vyakula Dar es Salaam. Niliijaza kila nilichokijua. Profesa aliirudisha imepigwa tiki kila ukurasa, na chini kabisa ameandika neno moja ambalo kwa Kiswahili ningelisema: kwa hiyo? Neno hilo lilinikosesha raha wiki nzima. Pia lilinifurahisha, kwa sababu ndilo nililokuwa nimelifuata.

Wakati huohuo nilikuwa nafundwa. Shangazi ndiye aliyekuwa somo wangu, maana yake yeye ndiye wa kunifundisha bibi harusi anavyopaswa kuwa, ndani ya nyumba na ndani ya chumba. Kwa kuwa sikuwepo, alinifunda kwa ujumbe wa sauti. Alikuwa anaurekodi asubuhi akipanga khanga zake, na kwangu unaingia mchana. Siku moja nikiwa maktaba nilibonyeza nikidhani visikizi vya masikioni vimeunganishwa, kumbe havijaunganishwa. Sauti ya shangazi ikajaa maktaba nzima, ikieleza bila kificho mwanamke amsogelee vipi mume aliyerudi amechoka. Namshukuru Mungu hakuna aliyeelewa, isipokuwa Mkenya mmoja wa uhandisi aliyekuwa meza ya dirishani. Tangu siku ile alikuwa ananisalimia akitazama viatu.

Novemba ilipofika ndipo mambo yakakwama. Viza yangu ilikuwa ya kuingia mara moja. Nikitoka kabla ya kupata kadi ya ukaazi, sirudi ndani bila kuanza upya. Niliomba kadi, nikapewa miadi, lakini foleni ya wageni mwaka ule ilikuwa ndefu na kadi ingetoka Januari. Nilikwenda ofisini kwao kuuliza kama inawezekana kuharakisha. Kijana wa dirishani aliinama kwa heshima, akaniomba radhi, akaniambia haiwezekani. Nikaelewa kwamba Desemba nitakuwa palepale.

Nilimpigia mchumba wangu kwanza. Nyuma yake mashine ya kuranda ilikuwa inalia, akatoka nje ili anisikie vizuri. Nilipomaliza akasema mama yake na ndugu zake wameshapanda basi asubuhi ile kutoka Newala. Walitaka kufika mapema wauone mji kabla ya harusi. Wamebeba korosho, kuku na unga wa muhogo, na mama yake hajawahi kukanyaga Dar maishani mwake.

"Siwezi kumwambia ageuze," alisema.

Kesho yake kikao kikakaa sebuleni kwetu. Mimi niliegemezwa kwenye chupa ya chai, kwa hiyo nilikuwa naona vikombe, magoti ya baba na nusu ya shangazi. Baba alionelea tuahirishe, watu wale wakaribishwe vizuri kama wageni, harusi ije baadaye. Mama alikuwa upande wa baba. Alisema hawezi kumwoza mtoto wake wa pekee wa kike akiwa hayupo, ni kama kupika sikukuu mwenyewe na kula mwenyewe. Mchumba wangu, nisiyemwona, alikuwa amekaa karibu na mlango, hakusema kitu, maana hapakuwa mahali pake. Shangazi aliwaacha wamalize. Akaweka kikombe chini.

"Siku ya ndoa bwana harusi anakaa wapi?" aliuliza. "Nje na wanaume wenziwe. Bibi harusi anakaa wapi? Ndani, haonekani. Sasa huyu yuko ndani. Ila ndani yenyewe iko mbali."

Nikamwona baba anasogeza goti moja, ishara kwamba anaanza kukubali. Mama alisema lakini sheikh hatakubali, na shangazi akasema basi aitwe sheikh.

Sheikh wa mtaa wetu ni mzee mwembamba aliyenifundisha Kurani chuoni kwake tangu nina miaka ya kung'oka meno. Alikuja jioni ileile, akasikiliza, na kwa mshangao wa mama hakuona tatizo upande wa sheria. Anayeoza ni baba, na baba yupo. Mashahidi wapo. Bwana harusi yupo. Kinachotakiwa kwa binti ni ridhaa yake. Tatizo lake lilikuwa simu. Alisema yeye mwenyewe alishapigiwa na mtu mwenye sauti ya mjomba wake akaombwa msaada, kumbe si mjomba. Hawezi kuoza sauti. Baba alimwonyesha uso wangu kwenye kioo, naye akasema siku hizi hata nyuso zinatengenezwa. Kisha akafikiri, akanikaribia mpaka nikaona ndevu tupu, akaniamuru nisome sura moja aliyoitaja.

Nilianza vizuri. Nilipofika katikati nikakwama, palepale nilipokuwaga nakwama utotoni. Nikarudia aya ya nyuma ili nichukue kasi, nikakwama tena. Nilisikia aibu imenipanda mpaka masikioni.

Sheikh alirudi kitini kwake ametulia kabisa. "Ni yeye," alisema. "Huyo hawezi kuigizwa na mtu."

Sebule nzima ikacheka, hata mama. Sheikh akaendelea na lililobaki, akaniuliza nataka mahari gani. Nilikuwa nimeshafikiri jambo hilo muda mrefu. Nikamwambia nataka meza ya kusomea, aitengeneze mwenyewe kwa mikono yake. Shangazi alishika kichwa. Alinieleza kwamba wenzangu wanataja dhahabu, wanataja seti za sebuleni, na kwamba meza mtu anaweza kununuliwa hata na ofisi. Sheikh akamkatiza kwamba mahari ni haki ya binti, na kama binti kataja meza, ni meza. Mchumba wangu aliongea kwa mara ya kwanza kikao kizima, akauliza nataka yenye droo ngapi.

Mama mkwe alifika na wenziwe, wakagawanywa kwenye nyumba za majirani. Aliomba kuzungumza nami siku ya pili. Simu ya picha ilikuwa ngeni kwake, kwa hiyo aliiweka sikioni, na mimi nikawa nazungumza na sikio lenye herini ndogo. Nilimwamkia, akaitika. Aliniuliza kama ndimi yule niliyekuwa namuuliza mwanawe bei kila siku. Nikamwambia ndimi. Akasema mwanawe ni mbishi lakini ana huruma, na kwamba mihogo ya Temeke haina ladha, nikirudi atanipikia ya kwao.

Kwa kuwa hapakuwa tena na haja ya kungoja chuo kifungwe, ndoa ilifungwa Jumamosi moja asubuhi, ambayo kwangu ilikuwa alasiri. Mwenzangu wa chumba alinipaka hina mikononi tangu mchana, akanivalisha gauni nililokuwa nimekuja nalo, na kwa kuwa mashine ya joto ilikuwa dhaifu nikavaa sweta mbili ndani yake. Mama ndiye aliyeshika simu upande wa pili. Alinizungusha nyumba nzima kama anamwonyesha mgeni. Nikaona turubai limefungwa mbele ya nyumba, nikaona masufuria ya pilau uani, nikaona majirani waliokuwa wananipungia mkono kisha wanarudi kukuna nazi. Kila mtu aliniuliza kama nimekula.

Halafu meza ikaletwa. Ilibebwa kwenye kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kutoka Chang'ombe, imefunikwa shuka. Ilipofunuliwa wanawake walipiga vigelegele, na shangazi aliyekuwa ameshika kichwa siku ile aliipapasa uso wake wote kimyakimya. Ilikuwa ya mninga, pana, na droo pande mbili. Ila ilipofika mlangoni ikagoma kupita. Waliigeuza ubavu, ikagoma. Waliisimamisha wima, ikagoma. Miguu yake haikuwa ya kufungua kwa sababu fundi mwenyewe aliiunga kwa mbao tupu, bila skrubu hata moja, na alikuwa amejivunia hivyo. Wajomba wakaanza kushauriana juu ya dirisha.

Bwana harusi alikuwa ameshafika na watu wake, amevaa kanzu nyeupe na koti. Aliwapita wote, akautazama mlango, akamgeukia baba na kumuuliza kwa adabu kama ana bisibisi. Baba, aliyekuwa hajazungumza sana tangu asubuhi, uso wake ukachangamka. Akaenda kuchukua boksi lake la vifaa vya kiwandani. Basi nikawaona kwenye kioo cha simu, baba mkwe na mkwe, wamevaa kanzu, wanafungua mlango wa nyumba yetu bawaba kwa bawaba na kuuweka pembeni, huku sheikh akiwasubiri ameketi kwenye mkeka. Meza ikaingia kwa kuminywa. Mlango haukurudishwa mpaka jioni, na mama alisema hajawahi kuona nyumba yake ikipata upepo mzuri namna ile.

Saa yenyewe ilipofika, mama alinipeleka chumbani kwangu cha zamani na kuniegemeza kwenye mto, katikati ya kitanda kilichotandikwa shuka jipya na kunyunyizwa asumini. Ndipo shangazi akakumbuka kwamba baba anaingia na mashahidi wawili, wanaume, na bibi harusi hatakiwi kuonekana. Akachukua mtandio mwekundu akaifunika simu. Kuanzia hapo sikuona kitu ila wekundu. Nilimsikia shangazi ananinong'oneza kupitia kitambaa nisisahau alichonifunza: nikiulizwa mara ya kwanza ninyamaze, na ya pili ninyamaze, ya tatu ndiyo nijibu, kwa sauti ndogo. Bibi harusi hakimbilii kujibu kama mtu anayenadiwa shati.

Baba aliingia. Nilimjua kwa anavyosafisha koo. Akaniuliza kama namridhia yeye anioze kwa fulani mwana wa fulani kwa mahari niliyoitaja. Nikanyamaza kama nilivyofunzwa.

"Haloo," baba akasema.

Nikanyamaza.

"Mtandao umekatika," nilimsikia akiwaambia mashahidi. Mmoja akashauri simu ipelekwe dirishani. Mwingine akasema labda kifurushi kimekwisha, akatoka kwenda kumtafuta mtu wa kuongeza. Shangazi akawa anawaambia mngojeni, mtoto anaona haya, na baba akamjibu atajuaje kama ni haya au ni mtandao. Simu ikanyanyuliwa, nikajisikia naondoka kwenye mto. Nilijua wakinikata itachukua nusu saa kunipata tena. Adabu yote ya somo ikanitoka.

"Nipo, baba," nilisema. "Naona haya tu."

Chumba kizima kilicheka, na sauti ya shangazi ilikuwa juu ya zote. Baba alingoja wanyamaze. Aliponiuliza tena sauti yake ilikuwa imebadilika kidogo, na mimi nikamjibu kwamba nimeridhia, si kwa sauti ndogo sana, maana nilitaka jibu langu afike nalo nje salama. Akasema sawa mwanangu. Wakatoka.

Nilibaki chini ya mtandio wangu mwekundu, sisikii chochote isipokuwa feni na kuku wa watu. Mwenzangu wa chumba alikuwa ameketi karibu nami, ameshika mkono wangu kwa uangalifu asiharibu hina, ananiuliza kwa macho nini kinaendelea, na mimi sikujua. Kisha vigelegele vikalipuka kutoka uani, vikaenda mpaka barazani, vikarudi. Ndivyo nilivyojua kwamba nimeolewa. Yule dada wa Indonesia hakuhitaji tafsiri. Alianza kulia kabla yangu.

Muda si mrefu bwana harusi akaletwa chumbani. Shangazi alimzuia mlangoni kama desturi inavyotaka mpaka akatoa kifungua mlango, na mabishano yao yalikuwa marefu kwa sababu bwana harusi alidai mlango wa nyumba hii ameshaufungua mwenyewe tangu asubuhi. Mwishowe akaingia, akakaa kitandani, nikahisi godoro linainama. Mtandio ukaondolewa. Nilikuwa nimefundwa kwa miezi mitatu nini cha kumwambia mume mara ya kwanza anapokufunua uso, maneno mazuri ya kale yenye asali ndani yake. Nikamtazama, ametoka jasho, koti limepinda bega, unga wa mbao kidogo kwenye ukosi.

"Umekula?" nikamuuliza.

"Bado," alisema. "Wewe?"

Shangazi aliliambia godoro, ukuta na sisi wote kwamba kazi yake imepotea bure.

Baadaye watu walipokwenda kula, mama alirudi peke yake. Alikaa pale kitandani, akanionyesha sahani ya pilau kama vile ningeweza kuisogeza, kisha akaiweka kando. Aliniambia nilipendeza, na kwamba hina ile ni nzuri kuliko ya kwetu. "Nimekuona," alisema, "ila sijakushika." Nikamwambia nitakuja. Akasema anajua, akajifuta kwa ncha ya khanga, na akaanza kunieleza nani alikula sahani ngapi, mpaka tukacheka tena.

Jumatatu nilikwenda darasani kama kawaida. Profesa aliiona mikono yangu wakati nawasilisha kazi ya kikundi, akaniuliza kama ni sikukuu ya kwetu. Nikamwambia hapana, nimeolewa Jumamosi. Alinipongeza sana, akauliza imefanyika wapi. Nikamwambia Temeke. Alifikiri, akasema Jumamosi asubuhi si alinikuta maktaba? Nikamjibu ndiyo, alinikuta. Mmongolia na Mghana walicheka mpaka wakashindwa kuendelea na sehemu zao, na kazi ile tuliimaliza wiki iliyofuata.

Kadi yangu ilitoka mwishoni mwa Januari, nzuri na inang'aa, nikaiweka kwenye pochi. Muhula mwingine ulikuwa karibu kuanza. Mimi na mume wangu tukakubaliana nisome moja kwa moja nimalize. Tuliishi hivyo, ndoa ya simu, yeye akinionyesha makabati aliyoyamaliza na mimi nikimsomea kurasa za tasnifu yangu, ambayo ilihusu namna serikali inavyoweza kuziba pengo la bei ya vyakula kati ya mavuno na mavuno. Alikuwa anasikiliza akisugua mbao kwa msasa. Mara moja aliniambia hakuelewa kitu ila sauti yangu ni ya mtu anayejua anakokwenda. Insha ya mwisho ilirudi bila lile neno chini ya ukurasa. Nililitafuta kila mahali kuhakikisha.

Nilirudi mwaka uliofuata, mchana wa jua kali. Uwanja wa ndege walikuja wote. Mama alinishika kwanza, na alinishika muda mrefu. Mume wangu alisimama nyuma akiwa amevaa shati jipya, tukasalimiana kwa mkono kama watu wa mkutano, maana hatukujua tufanye nini mbele ya wazee. Alichukua begi langu akaelekea kwenye gari lake la kukodi. Shangazi akamwita.

"Unalipeleka wapi hilo begi?"

"Nyumbani, shangazi. Kwangu."

"Huyu hajatolewa kwao."

"Lakini ni mke wangu."

"Ni mkeo," shangazi alikubali. "Lakini hajatolewa."

Hakukuwa na rufaa. Nikapelekwa Temeke, nikawekwa ndani, nikasingwa kwa liwa, nikapakwa hina upya, nikafundwa tena yaleyale ya ujumbe wa sauti, safari hii mbele ya macho ya shangazi na bila njia ya kuyasukuma mbele. Mume wangu mwenye cheti cha ndoa alikuwa anakuja jioni kama mgeni, anakaribishwa chai sebuleni, anazungumza na baba habari za umeme, kisha anaaga. Tulikuwa tunapeana ujumbe wa simu kutoka chumba kimoja hadi kingine, ndani ya nyumba hiyohiyo. Mimi nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Nilikuwa nimeikosa harusi yangu, na sasa nilikuwa napewa polepole.

Mwisho wa wiki wakanitoa. Wanawake wa mtaa walijazana kwenye kirikuu mbili, na ngoma, na meza yangu ya mninga imefungwa kamba nyuma, kwa sababu mlango ulikuwa umefunguliwa tena na baba kwa furaha isiyofichika. Tulikwenda taratibu kutoka Temeke mpaka Chang'ombe, tukiimbwa, na mafundi wa karakana njiani walizima mashine zao tupite. Nilikuwa nimejifunika uso, lakini kitambaa kilikuwa chepesi, niliona kila kitu.

Siku hizi ofisini nimehamishiwa idara nyingine. Bei anakwenda kuuliza mwenzangu, na zikifika mezani kwangu mimi ndiye wa kuandika tufanye nini. Mara nyingine wakubwa wanasoma, mara nyingine hawasomi, na nikikasirika naenda kumalizia hasira nyumbani.

Lakini asubuhi ile ya kwanza baada ya kutolewa, nyumbani kwetu Chang'ombe, niliamshwa na simu. Alikuwa mama mkwe, kutoka Newala. Safari hii alikuwa ameishika simu vizuri, nikamwona uso mzima. Nilimwamkia, akaitika, akauliza kama nimefika salama kwa mume wangu, nikasema nimefika. Akauliza nimempikia nini asubuhi hii. Niligeuka kutazama jikoni. Mume wangu alikuwa ameinama kwenye jiko, anapuliza mvuke kwenye sufuria ya mihogo, chai imeshachemka.

Nikamwambia ukweli, kwamba anayepika ni yeye.

Mama mkwe akasogeza uso karibu na simu, nikaogopa. "Mwache apike," alisema. "Alikuwa peke yake muda mrefu, amezoea. Wewe kaa ule."